Mikono Iliyojua

Vumbi la Februari halipandi wala halishuki. Linaning'inia. Tangu alfajiri limetanda juu ya mazizi ya mzee Hoskin, jekundu, zito, linanuka mkojo wa kondoo na mabati yaliyoungua, na jua likilipenya, mwanga wote unageuka rangi ya kutu. Ndani ya vumbi hilo nilikuwa nimepiga magoti, Thea, na mkono wangu ulikuwa chini ya dume la sabini na nne.

Acha nikusimulie, maana siku ile sikukuambia yote. Nilikuambia ya kutosha kukuumiza wewe na kunipunguzia mzigo mimi, kisha nikafunga mdomo kama kawaida yangu. Leo sifungi. Sikiliza, au usisikilize. Nitasema hivyo hivyo.

Mikono hii inajulikana kutoka kwetu hadi ukingoni mwa jangwa. Kabla madume hayajaachiliwa kwa majike, wenye kondoo huniita mimi, Kester Trewartha, niwakalishe madume matako chini, mmoja mmoja, niwashike korodani. Ngumu kiasi, zinazolingana, zinazoteleza vizuri mkononi: huyo abaki. Laini kama mkate uliolowa, au moja imesinyaa, au kuna uvimbe: chaki nyekundu mgongoni, na jioni lori la machinjioni linamchukua. Sihitaji mashine. Miaka kumi na tisa, madume elfu kumi na nne, na hakuna mwenye kondoo hata mmoja aliyewahi kurudi kuniambia nimekosea.

Na mwenyewe? Mganga hajigangi, bwana. Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipoligusa bafuni, upande wa kushoto, juu ya korodani. Fundo la mishipa, laini, kama tambi zilizotiwa ndani ya soksi. Nikilala linapotea. Nikisimama linarudi. Halikuuma, ila siku za kazi nyingi lilinivuta kidogo, nami nikajizoesha kusimama nimeegemea mguu wa kulia.

Dume mwenye fundo lile nampaka chaki bila kufikiri mara mbili. Mikono yangu ilijua. Ilijua kabla sijakuoa, kabla hata sijalijua jina lako. Nikavaa suruali, nikaenda kazini.

Mwaka wa pili wa ndoa wewe ulianza kuhesabu siku zako za kushika mimba. Mwaka wa tatu wewe ukasema twende tukaulize. Daktari wa mjini akasema tupimwe sote wawili, ndivyo inavyofanywa, karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto mume naye ana sehemu yake. Mimi nikapewa kikopo chenye kifuniko cha rangi ya chungwa.

Nikaendesha gari hadi maabara. Nikaegesha. Nikakaa nikiutazama mlango ule dakika ishirini, na haki ya Mungu, sijawahi kuogopa fahali nilivyoogopa mlango ule. Kisha nikavuka barabara, nikanunua soseji ndani ya mkate, nikala nimesimama, nikarudi nyumbani. Kikopo nikakitilia misumari midogo.

"Wamesemaje?" uliniuliza, unga umekujaa mikononi.

"Niko sawa," nikasema.

Maneno mawili tu. Ukaniamini. Ukanishika shavu kwa mkono ule wa unga, ukasema, "Afadhali. Basi tatizo ni langu, na langu nitalimudu."

Nilinyamaza, Thea. Ndiyo hiyo dhambi. Usitafute nyingine.

Ukapimwa damu. Wakakupitisha dawa ya rangi kwenye mirija ya uzazi, ukarudi umejikunja kwenye kiti cha gari, mimi nikaendesha polepole nikijiona mume mwema. Wakakulaza, wakakutoboa kitovuni, wakakuchungulia. Hawakuona kitu. Wakakupa vidonge vilivyokufanya ulie ukiona tangazo la nepi. Kila daktari mpya aliuliza karatasi ya mume, na kila mara ukajibu wewe kwa niaba yangu: alipimwa kwingine, yuko sawa, karatasi ataileta. Nao wakaandika ulivyowaambia. Miaka sita umelala kwenye vitanda virefu vya watu miguu juu, na mimi nje kwenye kiti nasoma gazeti la bei ya sufu.

Usidhani nilikaa bure. Nilijitibu, kwa siri, kama mwizi. Nilijifungia chooni na simu nikaiuliza usiyoweza kumuuliza mtu. Je, chupi ya kubana inaua mbegu? Je, maji ya moto? Je, bia ngapi? Je, matubwitubwi niliyougua nikiwa na miaka sita? Je, umri? Je, mtu mwenye nguvu chumbani anaweza kuwa hana mbegu? Simu ikajibu yote, na hilo la mwisho ikajibu ndiyo, anaweza kabisa, nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Nikaifuta historia ya maswali. Nikanunua chupi pana. Ukanicheka, ukasema nimeanza kuvaa kama baba yangu.

Kisha Dougal, yule mkata manyoya mwenye shingo kama gogo, akaniambia nyuma ya banda: "Kaka, hii sindano ni homoni ya kiume yenyewe. Ukitaka kuwa dume, chukua dume ndani ya chupa." Nikajichoma miezi minne. Kifua kikajaa, mikono ikajaa, na wewe ukanipapasa mabega ukasema, lo, mume wangu amenawiri. Mimi nikadhani nimepona.

Wajua Krismasi ile. Meza imejaa, nyama ya mguu, viazi, joto la kuyeyusha siagi. Mama yangu Enid akakuangalia ukipitisha sahani ya mtoto wa shemeji yako, akasema huku akikata nyama, "Kwetu hapa jike likikosa misimu miwili hupanda lori." Wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Wewe ukatabasamu kwa mdomo tu. Nami, mumeo wa madume elfu kumi na nne, nikajipakulia kiazi.

Sasa rudi nami zizini.

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi ya wiki ile ile ulikuwa na kitanda hospitalini, wakutoboe mara ya pili, maana daktari alitaka kutazama tena, labda kuna kitu walikipita. Msaidizi wangu alikuwa amevunjika mkono, ukasema, "Nitakuja mimi, nikae na chaki, angalau nisiwaze." Ukaja na kofia yako pana, ukasimama upande wa kulia wa geti, chaki nyekundu mkononi, na kila nikisema "abaki" unafungua, kila nikisema "chaki" unapiga mstari mgongoni.

Mzee Hoskin alikuwa amekaa juu ya mbao za zizi, anafuta jasho, anapiga soga. Mzee hana ubaya, ana mdomo.

"Tazama mikono hiyo!" akakuambia. "Ikisema unazo, unazo. Ikisema huna, andaa lori. Sasa, Kester, fundi wa madume, nyumbani kwako mbona kimya? Mwenye duka halali njaa, ati!"

Nilikuwa nimeinama. Nikajifanya sikusikia. Nilikuwa bingwa wa kutosikia.

Wewe ndiye uliyejibu. Kwa sauti nyepesi, kama mtu anayemfukuzia mwenzake nzi. "Mwache mume wangu, mzee. Yeye alishapimwa, yuko sawa. Mwenye kasoro ni mimi."

Thea. Ulisema mbele ya mzee Hoskin, mwenye mdomo wa kufikisha habari hadi baharini kabla ya jioni. Ulijipaka chaki mwenyewe ili mimi nisione haya. Nikamvuta dume aliyefuata.

Dume la sabini na nne. Mkubwa, pua pana, mgongo ulionyooka kama meza. Mzee Hoskin alikuwa amemnunua mnadani, akijisifu naye wilaya nzima. Nikamkalisha. Nikashika. Kulia, sawa. Kushoto nikafika juu ya korodani, na vidole vyangu vikasimama.

Tambi kwenye soksi.

"Vipi?" ukauliza.

"Chaki."

"Huyu? Mbona mzuri?" Mzee naye akashuka kutoka kwenye mbao. "We Kester, usinitanie!"

"Mishipa imevimba. Kushoto. Damu inasimama pale, inaleta joto, na joto linapika mbegu."

"Masikini," ukasema, ukampiga mstari mgongoni taratibu, kama unayemwomba radhi. Halafu ukauliza, hivi hivi tu, mtu anayeuliza ili kupitisha kazi, "Na binadamu je? Mwanamume anaweza kuwa nayo?"

Kondoo alikuwa anahema mapajani mwangu. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia lori la mzee likinguruma mbali huko barabarani.

"Kester?"

"Anaweza," nikasema. "Wengi tu wanayo. Katika wanaume mia, kama kumi na tano."

"Wewe umejuaje?"

Hapo ndipo ningeweza kusema nilisoma. Lilikuwa neno rahisi, lilikuwa tayari ulimini. Nikatazama chaki mkononi mwako, nikaukumbuka unga ule shavuni pangu, na sauti ikatoka, ndogo, si yangu.

"Kwa sababu ninayo. Kushoto. Tangu kabla sijakuoa. Na sikupimwa, Thea. Sikuwahi kupimwa."

Mzee Hoskin akakohoa. Akasema anakwenda kutazama maji ya majike, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaondoka bila neno la ziada.

Nilingoja unipige. Nilitamani unipige. Ulisimama, kofia imekuziba macho, na sikuona kitu ila kidevu chako. Kisha ukafungua geti.

"Wamebaki wangapi?" ukauliza.

"Thelathini na mmoja."

"Basi leta."

Tukawamaliza. Wote thelathini na mmoja, katika joto la arobaini na nne. Nikisema abaki, unafungua. Nikisema chaki, unapiga. Hukusema neno jingine, na kila mstari uliopiga ulikuwa mnyoofu. Sijawahi kupitisha saa ndefu kama hizo, wala sitaki tena.

Kisha ukanawa, ukakaa kwenye pikapu, ukapiga simu hospitalini, mlango wazi ili nisikie. "Kitanda changu cha Alhamisi mpeni mwingine. Ndiyo, nina hakika. Mimi sina kitu. Ila saa ile ile nataka daktari wa wanaume."

Daktari Peiris, huyo daktari wa wanaume wa Alhamisi, ni mwanamke mfupi, mwenye miwani yenye kamba shingoni. Alisoma jibu la kikopo kwanza. Kikopo hicho nilikijaza asubuhi katika chumba kisicho na dirisha, na kuhusu sharti la siku mbili tatu bila kukutana na mke, halikutupa taabu. Akaniambia nisimame, nishushe suruali, nipumue ndani, nikaze tumbo. Mikono yake ilikuwa baridi.

Nikatazama uso wake, Thea. Madaktari wote hao, hakuna aliyewahi kutazamwa kama nilivyomtazama yeye. Kulia, vidole vikapita. Kushoto, vikafika juu, vikasimama.

Najua kusimama kule. Ni kwangu kule. Kabla hajafungua mdomo nilishapakwa chaki.

"Zipo," akasema, tulipokwisha kukaa, wewe kiti kimoja mimi kingine, katikati kiti kitupu. "Mbegu zipo, lakini chache, na nyingi hazijui njia. Umewahi kutumia homoni? Sindano, jeli ya kupaka?"

"Miezi minne. Mwaka juzi."

Akavua miwani. "Bwana Trewartha, hiyo ndiyo inayofunga kiwanda. Mwili ukiona homoni inatoka nje, unaacha kutengeneza. Uliongeza kifua, ukapunguza mbegu."

Ukanigeukia. Hilo nalo hukulijua. Nikaona unaongeza jiwe juu ya rundo.

Nikauliza maswali yangu yote, yale ya chooni, kwa sauti sasa, mbele yako. Chupi? Ina mchango mdogo. Maji ya moto? Ndiyo, yaache. Bia? Punguza. Sigara? Hilo aliuliza yeye: sivuti. Umri? Wa mwanamume nao huhesabika, ila polepole. Matubwitubwi ya utotoni? Hapana, hatari ni ukiugua ukishabalehe. Na mishipa? Inafungwa. Ngozi inakatwa kidogo hapa kinenani, inafungwa mishipa iliyoharibika, mizima inaachwa. Kwa wanaume kumi, sita au saba mbegu huwa bora. Si wote. Na mbegu mpya hutaka kama miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo tungoje mitatu, pengine sita, ndipo tupime.

"Kwa kondoo ni wiki saba," nikasema, kwa ujinga tu.

"Wewe si kondoo, bwana Trewartha. Kondoo hufika mapema."

Wewe hukucheka. Ulikuwa unatazama kalenda ukutani kwake.

"Mimi nina thelathini na tisa," ukasema. "Miezi sita ni mingi?"

Daktari hakukudanganya. "Kwake, si mingi. Kwako, si michache."

"Na kama angekuja miaka sita iliyopita?"

"Ungekuwa na thelathini na tatu."

"Hiyo operesheni huchukua muda gani?"

"Dakika arobaini hivi. Jioni angekuwa nyumbani."

"Dakika arobaini," ukasema. Ukaokota mkoba wako.

Kilomita mia mbili na ishirini kurudi nyumbani, wewe usukani. Kilomita ya themanini ukaegesha kando, pasipo na kitu ila waya na majani makavu, ukaweka simu yangu juu ya dashibodi.

"Mpigie mama yako. Sauti juu."

"Thea, si sasa..."

"Kester. Mimi nilijichukia. Umenielewa? Niliuchukia mwili wangu huu, nikaombea usiku niamke na mwingine, na wewe ulikuwa umelala ubavuni, unajua. Mpigie."

Nikapiga.

"Mwanangu!" Mama akapokea. "Umekula?"

"Mama, suala la mtoto. Si Thea. Ni mimi. Nimepimwa leo, na nilijua zamani."

Nikasikia kijiko chake kikigonga kikombe. "Mama?"

"Basi," akasema, sauti imeshuka, "hilo libaki kwetu. Usimwambie mtu. Mwanamume hasemi mambo hayo."

Na hapo, Thea, nilisikia mahali nilipolipata lile zoea la kunyamaza. Sikulizua, lilipikwa jikoni kwetu nikiwa bado sijui kufunga viatu. Lakini nililila mwenyewe, na mdomo ulikuwa wangu.

Wewe ukainamia simu. "Mama Enid, mficha uchi hazai. Limeshatoka, na mzee Hoskin anayo habari tangu Jumanne." Ukakata. Ukawasha gari. Kwa sekunde mbili nilidhani utacheka, kisha nikaona unalia, huku unaendesha, bila kupunguza mwendo.

Wiki tatu umelala chumba cha mbele. Unapika, unakula, unaniambia habari za mvua na mbwa. Usiku nasikia ukifungua dirisha. Hukufungasha sanduku, hukulirudisha darini pia. Liko mlangoni, tupu, nami nalipita kila asubuhi kwenda kazini. Sijauliza. Nimejifunza kwamba mtu aliyekaa kimya miaka sita hana haki ya kudai jibu ndani ya wiki tatu.

Nawe ndiye uliyenileta leo kwenye operesheni, kwa sababu mtu hawezi kujiendesha akitoka kwenye dawa ya usingizi. Ndivyo ulivyosema jana, ukikata karoti: ni kwa sababu hiyo tu.

Wamenivalisha joho linalofunguka nyuma. Nimelala kwenye kitanda chenye magurudumu, kwenye korido ambayo wewe unaijua kila balbu yake, na mimi ndiyo kwanza naiona dari. Naogopa, Thea. Naogopa kisu, naogopa kwamba nitakuwa mmoja wa wale watatu au wanne kati ya kumi, na zaidi ya vyote naogopa nitapona, mbegu zitakuwa tele, na wewe hutakuwepo.

Muuguzi kaja na fomu, mwenye haraka, kalamu mdomoni. Mzio? Hakuna. Umekula? Sijala. Dawa za homoni? Mwaka juzi, miezi minne. Nimejibu kila kitu, Thea, hata ambalo hakuuliza.

"Mtu wako wa karibu?"

"Thea Trewartha."

"Ni nani wako?"

Kwa maisha yangu yote nilikuwa na jibu la haraka: niko sawa, nimepimwa, karatasi iko nyumbani. Sasa nilikuwa naulizwa jambo dogo kuliko yote, na sikuwa na haki ya kulijibu. Nikakugeukia. Ulikuwa umesimama ukutani, koti limekunjwa mkononi, na ulinitazama muda mrefu hadi muuguzi akainua kichwa kutoka kwenye fomu yake.

"Andika mke," ukasema.

Akaandika.

"Kwa leo," ukaongeza, na muuguzi akabaki ameshika kalamu, hajui kama na hilo aliandike.